Ng'ombe wa Kwenye Zeze

Kongwa, 3 Desemba 1948

Dada yangu Ruthu,

Shikamoo. Naamini unaisoma hii ukiwa mzima, wewe na wanao wawili, na kuku wako pia kama mwewe amekuachia hata mmoja. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi hakinibanduki. Vumbi la hapa Kongwa linaingia hata kwenye ugali.

Furahi kidogo kwa ajili yangu: mimi si utingo tena. Mzungu wa karakana ameniandika dereva wa trekta. Tunang'oa visiki. Trekta mbili zinafungwa mnyororo katikati, tunakwenda sambamba na miti inalala. Ila ardhi hii, dada, jua likiipiga inakuwa kama sakafu ya saruji, jembe linarudi limepinda. Sijui hizo karanga wanazotaka kupanda Wazungu zitatokaje humo. Mimi siulizwi.

Kuhusu fedha, nisamehe. Mwezi huu sina cha kutuma, na mwezi uliopita vilevile. Maisha ya hapa ni ghali mno, usione watu wanavaa viatu. Sukari ghali, sabuni ghali, kila kitu ghali.

Nijulishe habari za Tereza na mtoto wetu Hana. Ameshaota meno? Tangu azaliwe nimemwona mara mbili tu. Mzee Sila, baba yake Tereza, umpe salamu zangu za heshima, na umwambie sijamsahau.

Mdogo wako,
Methusela


Chamwino, 9 Januari 1949

Mdogo wangu Methusela,

Marahaba. Tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua ilikuja mara mbili ikaona uvivu, uwele umechipua na umesimama pale pale. Mwanangu mkubwa alikuwa na jipu pajani, limepasuka, sasa anakimbia. Kuku wapo wanne. Hongera kwa udereva. Nilipiga vigelegele peke yangu humu ndani mpaka watoto wakashtuka.

Hayo tuyaache. Khamisi, yule dereva wa lori la Gulamrasul mwenye duka Dodoma, ndiye anayetuletea barua hizi, kama unavyojua. Alipitia hapa akanywa uji wangu, na mtu akishakunywa uji wangu hufungua mdomo. Ameniambia fedha yako inakokwenda. Eti sukari! Ebo!

Anasema siku ya mshahara wenzako wanakunywa pombe, wewe hunywi sana. Wewe unakaa kwenye kigoda, miguu umeitanua kama jumbe, na mpiga zeze anayeitwa Ndahani anakuimbia ng'ombe wako. Anawataja mmoja mmoja, rangi yake na pembe zake, na kwa kila ng'ombe unatia shilingi kwenye kibuyu chake. Khamisi alihesabu mpaka ng'ombe thelathini. Thelathini, Methusela! Wamezaliwa lini? Mimi niliyekubeba mgongoni sijaona hata mkia. Baba yetu alikufa bila zizi, hata maziwa ya kumpa akiugua tuliomba kwa jirani, na wewe unajua.

Sasa nisikilize. Mzee Sila amesema mbele ya watu, na mjomba alikuwepo. Anataka ng'ombe sita. Amekupa mpaka mvua za msimu ujao zije. Ukiwaleta, Tereza ni mkeo na Hana ni mtoto wako. Usipowaleta, mtoto ni wa nyumba ya Sila, na mwanamume yeyote atakayeleta ng'ombe wake atamchukua Tereza na mtoto pamoja. Ndivyo ilivyo kwetu, wala hapana wa kumlaumu.

Siku ya mshahara, kabla hujapita kwenye banda la pombe, nenda moja kwa moja kwenye lori la Khamisi umpe nusu. Usiseme kesho. Kesho yako naijua. Hapa nitanunua mbuzi, nitawalea, nitawabadilisha kwa mitamba. Mimi ni mjane na zizi la marehemu lipo tupu, linaota magugu.

Mimi dada yako niliyekasirika,
Ruthu


Kongwa, 20 Februari 1949

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia jipu limepasuka.

Huyo Khamisi ana mdomo mrefu, nami nimemwambia. Tuligombana, tukapatana, akanipa sigara.

Barua yako niliikunja nikaitia mfukoni siku nne bila kuijibu. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka kukuandikia kwamba fedha ni yangu na jasho ni langu. Lakini nikikaa peke yangu naona huna kosa.

Nikueleze, halafu ucheke ukitaka. Hapa kambini tuko watu wa kila kabila, na jioni kila mtu anazungumza kwao. Mmoja ana minazi, mmoja ana baba mwenye duka. Wakafika kwangu: wewe Mgogo, baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi? Nikajifanya kuchochea moto. Ndahani alikuwa karibu, akachukua zeze akaimba, "Mwekundu wa Methusela, mwenye kidoa usoni, nani atampita malishoni?" Alifanya kwa huruma tu, mara ya kwanza hakuomba kitu. Watu wote wakageuka kuniangalia. Dada, nilijiona mtu! Nilimtilia shilingi kwa furaha, na mwezi uliofuata nikamwomba aimbe wawili. Basi ndivyo zizi lilivyojaa. Nikitoka pale ninalala vizuri, na asubuhi sina hata ya kununua kiberiti. Ninajua ni upuuzi. Ninajua, na siku ya mshahara miguu inakwenda yenyewe.

Nimempa Khamisi shilingi thelathini na tano. Nilimpa haraka haraka, kisha nikarudi kambini kwa njia ya nyuma ya karakana ili nisisikie zeze.

Nibusie Hana.

Methusela


Chamwino, 2 Aprili 1949

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Leo naandika nikicheka. Fedha za mwezi wa pili na wa tatu zimefika zote, Khamisi hakuzipunguza hata senti, nami nimemchinjia mmoja wa wale kuku wanne.

Nimenunua mbuzi saba. Ungeniona nikibishana na yule mzee wa Nzuguni! Alitaka kunipa beberu kilema kwa bei ya mzima, akidhani mjane haoni. Nilimtembeza beberu wake mbele ya watu mara mbili, mzee akaona haya, akapunguza. Majike watatu wana mimba. Nimefyeka magugu zizini na wanangu wamekata miiba ya kuzungushia ua. Jioni nikisikia mbuzi wanalia humo ndani ninasimama tu mlangoni kusikiliza.

Nakusifu, Methusela. Nakusifu mimi, wala sitaki kitu kibuyuni.

Uwele umekuwa mdogo lakini tutavuna. Hana ameota meno sita na anauma watu. Jipe moyo, usilegee.

Ruthu


Kongwa, 14 Julai 1949

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua kwa kuwa baridi imeingia. Usiku tunajifunika magunia.

Nimetuma tena, najua umepata. Sasa ni mwezi wa sita sijakaa kwenye kile kigoda. Usidhani ni rahisi. Siku za kwanza wenzangu waliniuliza kama ng'ombe wangu wameugua. Kisha wakaanza kuniita mkono wa birika. Siku moja nilipita, Ndahani akakatiza wimbo wa mtu mwingine akaimba ubeti mmoja wa Mwekundu bure, nadhani kwa kunivuta. Nilisimama. Mkono ulikuwa mfukoni umeshika shilingi. Dada, nililia njiani, mtu mzima, dereva! Lakini shilingi ile Khamisi ndiye aliyeipata.

Jumapili ninafua nguo, ninakaa. Sina la kufanya na nafsi yangu. Watu husema ukiacha jambo baya utajisikia mwepesi. Mimi sijisikii mwepesi. Ninajisikia kama mtu asiye na jina. Ninaendelea tu kwa sababu ya mtoto.

Katika barua yako hukuniandikia neno la Tereza. Nilikuuliza. Yu mzima? Ananisema vizuri?

Methusela


Chamwino, 30 Septemba 1949

Mdogo wangu,

Marahaba. Jua la safari hii halina adabu. Tunachota maji kwenye mashimo ya mtoni, mtu anakaa na kata mpaka maji yajikusanye. Watoto wazima. Mjomba ameumwa mgongo lakini anatembea.

Habari njema ni hizi: mbuzi wamezaa, wamebadilishwa, na pamoja na fedha zako za mwezi wa saba na wa nane sasa una mitamba mitatu na ng'ombe jike mmoja mkubwa mwenye maziwa. Wanne hao, Methusela, na hawa wanakula majani kweli na kunya kweli. Bado wawili.

Tereza yupo. Tulikutana mtoni, ana kazi nyingi. Mbuzi mmoja alipotea tukampata kwa jirani. Vijana kadhaa waliopunguzwa kazi huko Kongwa wamerudi hapa na nguo mpya na nyimbo mpya, wanasumbua ngomani usiku kucha. Mengine nitakueleza nikipata nafasi.

Usiache kutuma.

Ruthu


Kongwa, 11 Desemba 1949

Dada,

Shikamoo. Mawingu yamekusanyika huku, sijui kwenu.

Kambi inapungua watu. Kila wiki wanaitwa majina asubuhi, wanaoitwa wanarudisha blanketi na kwenda zao. Sijaitwa. Trekta nyingi zimelala na karanga zilizopatikana hazifanani na miti tuliyoangusha.

Ndani ya barua hii kuna fedha za ng'ombe wa sita, pamoja na ziada ya kamba na ya kumshukuru mjomba. Wa tano Khamisi ameniambia umeshampata. Wakitimia, nakuomba wewe na mjomba muwapeleke kwa Mzee Sila kabla mvua hazijashika. Mimi nikiomba ruhusa sasa naogopa watanifuta kazi.

Nimemnunulia Hana gauni la rangi ya samawati. Khamisi anasema ni kubwa, nikamwambia atakua nalo.

Sijawahi kumaliza jambo lolote maishani, dada. Hili nimelimaliza.

Methusela


Chamwino, 22 Januari 1950

Mdogo wangu Methusela,

Marahaba. Mvua zilichelewa, zimeshika wiki hii tu, mashamba yanapandwa, watoto wazima. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jumatatu tuliwapeleka ng'ombe wako sita, mjomba mbele na mimi nyuma na fimbo. Njia nzima watu walitoka kutuangalia. Mzee Sila alifungua zizi mwenyewe. Alimpapasa mgongo kila mmoja, akatazama meno, akafurahi, akatupa pombe. Kisha akamgeukia mjomba akauliza, "Na wale wengine?"

Mjomba akasema wengine wepi. Methusela, yule mzee akaimba! Kwa sauti yake mbovu, akipiga paja: "Mwekundu wa Methusela, mwenye kidoa usoni." Akaimba mpaka wa kumi na kitu. Wale vijana waliopunguzwa kazi ndio waliouleta wimbo huo. Wanaucheza ngomani, na watoto wanaochunga wanauimba porini, Chamwino nzima inawajua ng'ombe wako kwa majina. Akasema, "Mwekundu simwoni hapa. Mtu mwenye thelathini akiniletea sita, amenitukana mimi na binti yangu. Nataka kumi na tano."

Nilimwambia Mzee, hao ni ng'ombe wa kwenye zeze, hawapo. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kila mwenye ng'ombe husema hana, ndiyo maana tunawagawa kwa marafiki, mmoja Mpwapwa, mmoja Manyoni, ili jirani asijue hesabu. "Mimi mwenyewe," akasema, "nina ng'ombe ambao mke wangu hajawahi kuwaona." Niliapa, nikalia mbele yake. Akaona dada anamfichia kaka mali. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini.

Sasa nikwambie na nililokuficha. Tangu Julai kuna mgane mmoja wa Bahi anakuja pale kwa Sila. Anatoa ng'ombe tisa. Ulipouliza habari za Tereza nikakujibu habari za mbuzi kwa sababu hiyo. Niliogopa ukijua utakata tamaa na kurudi kwenye kigoda. Tereza mwenyewe anakutaka wewe, lakini haulizwi.

Mjomba amepigania jambo moja tu, na Sila amelikubali. Uje wewe mwenyewe, usimame mbele ya wazee, useme kwa kinywa chako kwamba huna ng'ombe, hukuwahi kuwa nao, na wimbo uliununua kwa mshahara. Sila anasema mwanamume hawezi kujitia aibu ya namna hiyo kwa uongo. Ukisema, atapokea sita na maneno yamekwisha. Mgane anarudi baada ya wiki ya tatu ya Februari. Uje kabla. Wakikufuta kazi wakufute.

Njoo, Methusela. Ni maneno tu.

Ruthu


Kongwa, 6 Februari 1950

Dada Ruthu,

Shikamoo. Niko mzima.

Niombe kingine chochote. Umeniambia niache nikaacha. Umeniambia nitume nikatuma, nikala ugali na chumvi, nikaitwa bahili, nikavumilia. Mwaka mzima Ndahani hajaona senti yangu. Je, hilo halitoshi?

Unataka nisimame hapo Chamwino, mbele ya wazee wale wale waliokuwa wakimpita baba yetu bila kumsalimu, niwaambie mtoto wake hakuwa na kitu mpaka akanunua ng'ombe wa maneno? Watanicheka mpaka wajukuu wao. Na Hana akikua ataimbiwa hilo. Mara moja tu katika nchi hii jina la nyumba yetu limetajwa pamoja na ng'ombe, dada, na unataka nilifute kwa mkono wangu.

Mwambie Mzee Sila nitaleta tisa, kama yule wa Bahi. Anipe mwaka mmoja tu. Nitaomba zamu ya usiku.

Siji.

Methusela


Kongwa, 21 Februari 1950

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa barua niliyotangulia kuandika. Kama hujamsomea mtu, ichome.

Zamu ya usiku haipo. Jana wameita majina na langu limo, mwisho wa mwezi narudisha blanketi. Nikaona huo mwaka niliouomba ningeupata wapi. Lakini si hilo tu. Juzi nililitoa lile gauni la Hana kulikung'uta vumbi, nikaona nimekuwa mjinga wa kupita kiasi. Ninalinda ng'ombe ambao hawapo na kumwacha mtoto aliyepo.

Kwa hiyo nimejaribu. Jioni niliwaambia wenzangu wachache waliobaki kambini: sikilizeni, wale ng'ombe ni uongo, baba yangu hakuacha hata ndama. Wakacheka. Nikasema tena, kicheko kikapungua, kisha mmoja akaniuliza kama nina kiberiti. Basi. Hakuna aliyekufa. Ningejua kwamba ni hivyo tu!

Jumamosi tarehe 25 nakuja na lori la Khamisi; najua siku za mgane zimefika, lakini hakuna lori la mapema zaidi. Ndahani amekubali kufuatana nami, atasema mbele ya wazee kwamba alilipwa. Hataki malipo, anaona haya kuliko mimi. Mwambie mjomba awakalishe wazee Jumapili baada ya kanisa. Nitasema yote, nitasema na ya baba.

Mwambie Tereza nakuja.

Methusela


Chamwino, 22 Februari 1950

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako ya kukataa niliipata wiki iliyopita. Mto ulikuwa umejaa, Khamisi alikwama ng'ambo siku nyingi, kwa hiyo ilichelewa. Niliificha. Nilitumaini kuna nyingine nyuma yake. Lakini Mzee Sila alimtuma mtu kuuliza, "Anakuja au haji?" Mjomba akaniomba nimsomee, na siwezi kumsomea mjomba kisichoandikwa. Akaenda kumwambia Sila unaomba mwaka. Sila akasema, "Mnaona? Anao. Hataki tu kuwatoa."

Juzi Jumatatu ng'ombe tisa wa Bahi waliingia zizini kwake, wembamba lakini tisa. Jana Tereza aliondoka na mumewe. Hana alikuwa mgongoni kwa mama yake. Tereza aliniangalia nikamwangalia, mpaka wakapinda njia.

Sita wako nimewarudisha kwangu, hakuna aliyewagusa. Mmoja ana mimba. Wewe sasa ni mtu mwenye ng'ombe sita, Methusela, na mwakani watakuwa saba au wanane, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika hapo. Nakuandikia hili nikijua halina faida kwako. Sijui nikuandikie nini kingine.

Nimempa Khamisi barua hii mkononi. Mto umepungua.

Ruthu


Kongwa, 12 Machi 1950

Dada,

Shikamoo.

Barua niliyokuandikia kwamba nakuja ilipishana na yako njiani. Khamisi alinipa yako ile Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshapanda, Ndahani yuko pembeni na zeze lake limefungwa kitambaa. Khamisi alifika mlangoni mwa lori akanipa bila kuniangalia usoni, nikajua. Nilisoma nikashuka. Ndahani akauliza tunakwenda au hatuendi. Akashuka na yeye, akaenda zake.

Kazi imekwisha lakini nimepata kibarua cha kufungasha vyuma vya trekta mbovu, zinapelekwa stesheni. Sirudi Chamwino kwa sasa. Gauni nimempa mpishi wa kambi, ana binti.

Nina maombi mawili. La kwanza, nijibu ukweli. Siku ile Hana alilia? Aliniulizia? La pili, usiniandikie tena habari za ng'ombe. Usiwauze, usiwagawe, fanya upendavyo na maziwa, lakini sitaki kusikia wamezaa, sitaki kusikia wamenenepa. Sitaki kabisa.

Methusela


Chamwino, 9 Aprili 1950

Mdogo wangu Methusela,

Marahaba, na salamu za Pasaka. Kanisani palijaa, tulisimama mpaka nje. Mjomba mgongo wake umepona kidogo. Wanangu wote wawili wamepelekwa shule, wanakwenda na kurudi.

Umeniuliza kama Hana alilia. Niliandika kwanza karatasi nyingine, nikasema alilia sana na alikutaja jina. Ilikuwa barua nzuri. Nikaichana, kwa sababu wewe umeshaimbiwa vya kutosha.

Hakulia. Alifurahi kubebwa, alicheza na ushanga wa mama yake, akanipungia mkono na kuwapungia mbuzi. Hakukuulizia. Hakujui, Methusela. Mara mbili ulizomwona alikuwa amelala. Watu waliotoka Bahi wanasema yule mgane ni mpole, anamlisha mtoto kwa mkono wake, na mtoto anamwita baba. Hayo umetaka, na hayo ndiyo yaliyopo.

Habari za ng'ombe umenikataza. Basi barua hii inaishia hapa, maana habari nyingine njema sina.

Dada yako,
Ruthu